Hatua Ishirini za Kwenye Mawe

Mama yangu anaishi juu kabisa kwenye milima ya Kilosa, kwenye nyumba niliyozaliwa, na mdogo wangu wa kiume amejenga jirani yake. Mimi niko Mikumi, nashona nguo karibu na soko. Mwaka huu macho ya mama yaliingia ukungu, yote mawili. Mwezi wa tano tukasikia kwamba mwezi wa nane madaktari wa macho watafika Kilosa mjini kutoa mtoto wa jicho. Nikampigia simu kupitia kwa mdogo wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huko hamjambo?"

"Hatujambo. Macho yanaendeleaje?"

"Yapo. Kila kitu yananionyesha kama kiko ndani ya moshi."

Nikamweleza habari ya madaktari. Nikamwambia mdogo wangu atamshusha.

"Huyu hanishushi," mama akasema, na mdogo wangu nilimsikia akicheka pembeni. "Huyu akinishusha, nyie mtanikalisha huko tambarare mpaka nife. Mtasema mama pumzika kwanza, mama mvua, mama njia mbaya. Uje wewe. Mwenye kuweza kupanda ndiye atakayeweza kunirudisha."

"Mama, unajua magoti yangu."

"Nayajua, nilikuzaa nayo. Uje kwa miguu yako. Usibebwe, usivutwe, usisukumwe. Ukija hivyo, nashuka na wewe. Usipoweza, basi tukae hivi hivi, mimi na moshi wangu."

Alikuwa na sababu ya kusema habari ya kubebwa. Miaka mitatu nyuma nilipanda kwenda kumwona, nikafika sehemu tunayoiita kwenye mawe, ambako njia inapita juu ya majabali yaliyopangana kama ngazi iliyojengwa na mlevi, na pale miguu ikagoma. Vijana wanne walinibeba kwa kitanda cha kamba. Nilipita mbele ya kanisa nimelala chali kama mgonjwa mahututi huku nikiwapungia watu mkono. Nilidhani kupunga mkono kutapunguza aibu. Nadhani kuliongeza.

Kwa hiyo nilikuwa na miezi mitatu.

Naandika haya kutoka kwenye daftari langu. Mimi nimeishia darasa la saba, na uandishi wangu ni wa kuandika vipimo vya wateja, kiuno, kifua, urefu wa mkono. Lakini binti yangu aliye Morogoro aliniletea saa ya mkononi inayohesabu hatua, akaniambia, "Mama, kila siku andika." Krismasi iliyopita yeye alipanda kwa bibi yake akiwa na saa hiyo hiyo, ikaonyesha kutoka kijito cha chini mpaka mlangoni ni hatua elfu sita na kidogo. Tukakubaliana lengo langu liwe elfu nane kwa siku. Sita za mlima, mbili za woga.

Siku ya kwanza nilipata elfu moja na mia tisa. Niliandika hivyo hivyo.

Tatizo la kwanza la kutembea Mikumi ni tembo. Sisemi kwa kujivuna, wala sitaki kuwasingizia, maana wao walikuwepo kabla yetu. Lakini kuna asubuhi wanakuwa bado wako nyuma ya nyumba za watu, kwenye migomba, na mtu mwenye akili anasubiri jua litoke vizuri. Jua likishatoka, wateja nao wametoka. Hivyo muda wangu ulikuwa mfupi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja na robo, na nilitakiwa niende haraka.

Tatizo la pili nililileta mwenyewe. Siku ya tatu nilijifunga kanga moja kiunoni, nyingine nikajitanda kichwani kwa ajili ya baridi, nikatoka mbio mbio bila kikapu, bila ndoo, bila jembe. Jirani yangu mmoja aliyekuwa anafagia uwanja akaniona. Nikamsalimia kwa mkono nikapita, maana binti alisema nisisimame. Baada ya dakika chache nikasikia miguu nyuma yangu. Nikageuka. Jirani yule amejitanda kanga, yuko na wenzake wawili, wote kimya, nyuso chini. Nikaongeza mwendo, nao wakaongeza. Nikapinda kuelekea shuleni, nao wakapinda. Mwisho nikasimama.

"Jamani, mnaenda wapi?"

Wakatazamana. Jirani akaja akanishika mkono kwa upole sana. "Tunaenda na wewe. Pole, shoga. Ni nani?"

"Nani nini?"

"Aliyefariki."

Nikasema hakuna aliyefariki, natembea tu. Wakaniangalia. "Unatembea kwenda wapi?" Siendi mahali. "Unatembea, halafu?" Halafu narudi. Mmoja wa wale wenzake, ambaye alikuwa ameshaanza kutoa machozi, alikasirika kweli. "Yaani nimeacha uji jikoni nikulilie bure!"

Kwa haki lazima niseme kosa lilikuwa langu. Kwetu mwanamke akitoka asubuhi mikono mitupu, amejitanda, hasimami kusalimia, ni msiba, na wenzake hawamuulizi, wanamfuata. Walifanya vile walivyolelewa. Tangu siku hiyo nikawa nabeba kikapu kitupu, na hakuna aliyenifuata tena. Lakini nikawa nalazimika kusimama na kusalimia kila mtu, shikamoo na marahaba zake, na habari za watoto mpaka za kuku. Robo tatu ya saa nzima ikanipa hatua elfu mbili na mia tano, nyingine nilizipata kwa kubadilisha mguu wa kusimamia.

Ndipo nikafanya lile jambo la cherehani.

Cherehani yangu ni ya miguu. Siku nzima nakanyaga pedali, lakini saa iko mkononi, na mkono wa fundi unatulia juu ya kitambaa. Nikaona ninaonewa. Miguu inafanya kazi kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja, na saa inasema nimekaa! Nikachukua kipande cha lastiki, nikashona mkanda, nikaifunga saa kwenye kifundo cha mguu. Nikashona sare za kwaya. Kufika saa saba mchana saa ikatetemeka mguuni kama chura, nikaruka. Elfu nane. Kufika jioni, elfu kumi na nne. Nikamtumia binti yangu picha. Akajibu, "Mama! Umefika Kilosa?"

Nilifurahi mpaka wakati wa kupakua chakula. Mume wangu alikuwa anakula, akauliza bila kuinua kichwa, "Kwani kwa mama mkwe siku hizi mtu anapanda akiwa amekaa?"

Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Baada ya kuosha vyombo nilichukua kalamu nyekundu nikaifuta ile elfu kumi na nne. Lakini na cherehani nayo ina haki yake. Imenilisha miaka ishirini na sita, na huenda bila kuikanyaga magoti yangu yangekuwa mabaya zaidi, sijui, mimi si daktari. Niliandika pembeni, "Cherehani, siku nzima," bila namba.

Hapo ndipo jirani yule wa msiba, ambaye kumbe hana kinyongo, akaniambia, "Shoga, nenda jimu." Nyuma ya saluni moja kuna chumba cha mazoezi cha mama mmoja aliyekuwa muuguzi, amestaafu. Ana baiskeli isiyoenda popote, vyuma vya kunyanyua, na mashine moja ya kukimbilia, ile yenye mkanda mweusi unaokukimbia chini ya miguu. Tukapatana nimshonee mapazia, maana dirisha lilikuwa wazi na madereva wa bodaboda walikuwa wanasimama kuangalia kama sinema.

Siku ya kwanza mapazia yalikuwa bado. Nilipanda juu ya mkanda ule, ukaanza kuondoka, nikashika vyuma vya pembeni kwa nguvu zangu zote.

"Achia vyuma, mama," mwenye chumba akasema. "Hilo si basi."

"Nitaanguka."

"Utaanguka wapi, na mimi niko hapa? Achia."

Dirishani mmoja akapiga kelele, "Mama, ukifika Iringa utupigie simu!"

Sikuachia siku hiyo. Nilitembea dakika ishirini, jasho likanitoka, nikashuka nikaangalia saa. Hatua arobaini na moja. Mwenye chumba akanieleza kwamba mkono ukishika chuma hautikisiki, na saa haioni kitu. Mashine yenyewe ilionyesha nimekwenda zaidi ya kilomita moja. Nikawa katikati ya mashahidi wawili wasiokubaliana. Nilifikiria sana, nikaamua kila wakigombana nitaandika namba ndogo. Siku hiyo niliandika arobaini na moja. Binti yangu alicheka, akasema nimejipunja. Huenda kweli. Lakini ningekosea kwa kuandika ile kubwa, ningekuja kujua mwenyewe kwenye mawe.

Wiki ya pili nikaachia mkono mmoja. Wiki ya tatu yote miwili. Mapazia yakawa tayari, ya kijani yenye maua, nikawa natembea huku nakagua mshono wangu mwenyewe.

Mwezi wa sita ratiba ikakaa sawa. Asubuhi na kikapu, elfu mbili na nusu au tatu. Mchana dukani, kwenda kwa muuza nyuzi, sokoni, msalani, elfu moja na kitu. Saa kumi na moja jioni, mashine, nyingine zote. Siku umeme ulipokatika mashine ilisimama, na mimi nilikuwa nazunguka uwanja wa shule na kikapu changu mpaka watoto wakanipa jina. Siliandiki hapa. Siku ya kwanza kufika elfu nane halali, saa ilitetemeka nikiwa juu ya mkanda, nami nilipiga kigelegele, na mwenye chumba akaja mbio akidhani nimeanguka.

Mume wangu alikuja kunichukua jioni moja, akasimama mlangoni akanitazama.

"Umeanza saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Na bado uko hapa hapa."

"Niko hapa hapa."

Akatikisa kichwa. Yeye anasema barabara ya Mungu ipo bure, mashine ni ya watu waliokosa pa kwenda. Sikubaliani naye, lakini niseme ukweli, ni yeye aliyekuwa ananichemshia maji ya kukanda magoti kila jioni, na hakuwahi kuuliza mpaka lini.

Jambo lililonifungua macho ni mwinuko. Nilikuwa nimemweleza mwenye chumba habari ya mama, na ya mawe. Akaniuliza, "Sasa mama, mlima unaujaribia wapi?" Mikumi pale nilipo ni tambarare kama meza ya kukatia kitambaa. Hatua elfu nane za meza si hatua elfu sita za mlima, na mimi sikuwa nimelifikiria. Akabonyeza kitufe. Mashine ikainua pua. Nikatembea dakika tatu nikamwomba aishushe. Kesho yake dakika tano. Mwezi wa saba ulipokwisha nilikuwa naweza nusu saa, mikono ikiwa huru, nikiangalia ua moja kwenye pazia na kuliita mlango wa mama.

Mwezi wa nane tukaondoka Mikumi alfajiri, mimi na mume wangu. Yeye alibaki Kilosa mjini kutafuta mahali pa kulala karibu na hospitali, maana anaumwa mgongo. Mimi nikachukua bodaboda mpaka kijitoni, ambako njia ya pikipiki inaishia. Mdogo wangu alikuwa ananisubiri, ameshika fimbo.

"Shikamoo dada. Kitanda nimekiacha nyumbani," akasema. "Nikakilete?"

"Marahaba. Tangulia, mpumbavu wewe."

Sitaandika kila hatua. Elfu moja ya kwanza nilizungumza. Elfu ya pili nilimwacha yeye azungumze. Tulipita mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, kuna upepo wa baridi kule ambao nilikuwa nimeusahau, ukanisaidia. Kila elfu nilipumzika kidogo nimesimama, nisikae, maana nikikaa magoti yanashonana. Hatua ya elfu tano hivi tukafika kwenye mawe.

Nilikuwa nimeyafikiria miezi mitatu, na kwenye mawazo yangu yalikuwa makubwa zaidi. Nikapanda la kwanza, la pili, nikafika katikati. Pale kuna jabali moja refu kuliko goti langu. Mashine haina jabali. Mashine inainua pua lakini mkanda ni laini, haikuombi uinue mguu mpaka kiunoni. Niliinua, nikabaki hapo, mguu mmoja juu na mwingine chini, na wa chini ukaanza kutetemeka. Kabla sijasema neno nikahisi kiganja cha mdogo wangu mgongoni. Akanisukuma. Nikapanda lile, na lililofuata, kiganja bado kipo, mpaka mawe yakaisha. Nilikuwa nahesabu kwa mazoea. Hatua ishirini.

"Hujasukumwa," mdogo wangu akasema tulipofika juu. "Nilikuwa nimeegemea tu."

Nikacheka. Lakini hatua zote zilizobaki niliwaza hizo ishirini. Kama nikinyamaza, mama anashuka, anaona. Kama nikisema, mama namjua, hashuki. Na madaktari walikuwa wanakaa siku tano tu, moja imeshapita. Nilijiambia mtu kupewa macho si jambo dogo, nani atanilaumu kwa kunyamaza? Sikupata wa kunilaumu. Bado sikuridhika.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, uso umeelekea njiani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekusikia tangu kanisani, unahema kama mvukuto. Umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Hukubebwa?"

"Sikubebwa."

"Hukuvutwa?"

"Sikuvutwa."

Hilo la tatu hakuliuliza. Mdogo wangu alikuwa nyuma yake ananikonyeza kwa macho yote mawili.

"Nilisukumwa, mama. Kwenye mawe. Hatua ishirini."

Mdogo wangu akashika kichwa. Mama akacheza na ncha ya kanga yake muda mrefu. Halafu akasema, "Ishirini. Sawa. Ingia ule."

Tulikula ugali na maharage, akauliza habari za watu wa Mikumi mmoja mmoja, na juu ya kushuka hakutamka neno. Nililala nikiamini nimeharibu kila kitu kwa ajili ya kujipenda. Maana kuna ukweli mwingine mtu anausema ili ajisikie vizuri yeye. Sijui wangu ulikuwa upi.

Asubuhi mama akanitikisa. Amevaa viatu, ana mfuko wa nguo begani.

"Twende kwenye mawe. Utazipanda hizo ishirini tena."

"Mama, na huo mfuko?"

"Baridi. Nimebeba sweta."

Tukashuka, yeye kamshika mdogo wangu bega, polepole. Tulipofika alitaka ateremshwe mpaka chini kabisa ya mawe, akasimama pale na kutega sikio kwa sababu macho hayamsaidii. Nami nikashuka naye, nikageuka, nikaanza kupanda. Kwenye jabali refu nikaanza kuhesabu, na mguu ukatetemeka tena. Niliweka mikono miwili juu ya jiwe, nikainama kama mtoto anayejifunza kutambaa, nikajivuta mwenyewe. Haikuwa nzuri kutazama. Kwa bahati mmoja wa watazamaji alikuwa haoni.

"Ishirini!" nikapiga kelele juu.

"Hakusukumwa mtu?"

"Hakusukumwa!" mdogo wangu akajibu. "Niko hapa na wewe, nitamsukumaje?"

"Haya," mama akasema. "Sasa mimi nimeshafika chini. Nipande tena kufanya nini? Shuka, twende tukawahi."

Nikamwangalia kutoka juu, mzee yule na mfuko wake. Sweta gani linajaza mfuko mpaka zipu haifungi? Nikashuka. Hatua ishirini nyingine, na hizo niliziandika.

Siku hiyo hiyo madaktari wakamfanyia jicho la kwanza, na bandeji ikafunguliwa siku iliyofuata. Mama alimwangalia muuguzi, akaangalia dirisha, kisha akaniangalia mimi kutoka juu mpaka chini.

"Kumbe bado mnene hivi, na ulipanda?"

Nimeliandika kama sifa. Mume wangu anasema si sifa. Ninaacha maneno yote mawili.

Baada ya wiki tatu, daktari wa hospitali aliporuhusu, nilimrudisha kama alivyotaka. Alipanda vizuri, akinionyesha kila kitu, nyani yule, bati jipya lile, mpaka kwenye mawe. Kwenye lile jabali refu akasimama, mguu mmoja juu, mmoja chini. Nikaweka kiganja mgongoni kwake nikasukuma.

Tulipofika juu alijipangusa vumbi kwenye kanga.

"Hiyo usiiandike," akasema.

Nimeiandika, maana ilitokea. Lakini idadi ya hatua nimeiacha wazi.